Madaraja Mashuhuri ya Marekani na Macho ya Mtu Aliye Zamu

Nilipokuwa mwanafunzi katika chuo cha maofisa, kundi letu lilipewa siku moja kazi ya kulinda daraja dogo usiku kucha. Tuligawana zamu, tukaweka neno la siri, na hadi jua linachomoza hapana hata mtu mmoja aliyevuka bila kuulizwa. Asubuhi mkufunzi wetu alikuja kutukagua. Hakuuliza ni nani aliyepita. Aliuliza, "Daraja hili lina nguzo ngapi? Na ni nguzo ipi inayoliwa na maji?" Tukatazamana. Hapana aliyejua. Akasema, "Basi hamkulinda daraja. Mmelinda barabara."

Maneno hayo nimeyakumbuka mara nyingi, na hasa nilipokuwa nikisoma habari za madaraja makubwa ya Marekani. Nchi ile ina majimbo 50, nayo majimbo mengi yana daraja ambalo wageni hulitambua kwa picha tu. Husifiwa kwa urefu, kwa uzuri na kwa gharama. Lakini sisi tuvaao sare tuna sababu nyingine ya kuyatazama. Kila moja lilijengwa na watu, likalindwa na watu, na mahali lilipoanguka palikuwa na mtu ambaye hakuona, au aliona akanyamaza. Napenda basi, ndugu wasomaji, tuyapitie machache kwa jicho la mtu aliye zamu.

MWANAJESHI NA MKEWE

Tuanze New York, ambako Daraja la Brooklyn limevuka mto uitwao East River. Mhandisi aliyelibuni, John Roebling, alikuwa mhamiaji kutoka Ujerumani. Mwaka 1869, alipokuwa akipima mahali pa kujenga, mguu wake ulibanwa na kivuko, naye akafa kwa pepopunda kabla kazi haijaanza. Mwanawe Washington, kijana wa miaka 32, akashika nafasi yake. Huyu alikuwa ofisa katika jeshi la serikali kuu wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861 hadi 1865, na miongoni mwa kazi zake vitani ilikuwa kuwajengea wanajeshi madaraja ya kuning'inia.

Ili kuweka misingi ya minara, lilizamishwa mtoni sanduku kubwa mno la mbao, lenye paa na lisilo na sakafu. Maji yalizuiwa kwa hewa iliyoshindiliwa kwa mashine, na watu wakachimba humo ndani. Waliopanda juu kwa haraka waliugua, kwa maana hewa iliyoyeyuka katika damu hugeuka mapovu ghafla. Wengine walikufa, wengine walipooza. Washington Roebling, aliyekuwa akishuka pamoja na watu wake, aliugua vibaya mwaka 1872, na tangu hapo akaiongoza kazi akiwa kitandani na dirishani, akitazama kwa darubini. Aliyepeleka maagizo yake kwa wahandisi ni mkewe, Emily, ambaye alijifunza hesabu na tabia za vyuma hata akaweza kujibu maswali ya wataalamu. Daraja lilipofunguliwa tarehe 24 Mei 1883, lilikuwa refu kuliko madaraja yote ya kuning'inia duniani, mita 486 baina ya minara miwili.

Lakini jambo ambalo askari hana budi kulishika ni lile la nyaya. Mwaka 1878 iligunduliwa kwamba mkandarasi wa nyaya alikuwa mdanganyifu. Nyaya nzuri zilionyeshwa kwa wakaguzi, zikapata kibali, kisha njiani zikabadilishwa kwa nyaya mbovu. Nyingi zilikuwa zimekwisha kusukwa ndani ya kamba kuu, wala hazikuweza kutolewa. Roebling alikuwa amepanga kamba zile ziwe na nguvu mara sita ya mzigo uliotazamiwa. Akapiga hesabu upya, akaongeza nyaya zipatazo 150 nzuri katika kila kamba, na daraja linasimama hata leo. Halikusalimika kwa sababu hapakuwa na mwizi. Lilisalimika kwa sababu mkuu wa kazi aliweka akiba ya nguvu tangu mwanzo. Na kosa la wakaguzi lilikuwa moja tu: walikagua mzigo kiwandani, hawakuufuata hadi darajani.

Siku sita baada ya kufunguliwa, tarehe 30 Mei 1883, umati mkubwa ulijaa juu ya daraja hilo. Kwenye ngazi nyembamba mwanamke mmoja alijikwaa, mwingine akapiga ukelele, na watu wakadhani daraja linaanguka. Katika msukumano ule walikufa watu 12. Daraja lenyewe halikuwa na kasoro yoyote. Kilichokosekana ni watu wa kutosha wa kuuongoza umati na kuukata kabla haujashonana. Mwaka uliofuata ndovu 21 wa kikundi cha maonyesho walivushwa daraja hilo, ili wananchi waliokuwa wakiliogopa waone kwamba ni imara.

WAVU CHINI YA DARAJA

Sasa twende magharibi kabisa, jimbo la California. Golden Gate, daraja jekundu lielekealo rangi ya chungwa kwenye mlango wa Ghuba ya San Francisco, ni mojawapo ya madaraja yaliyopigwa picha nyingi kuliko yote duniani. Ujenzi ulianza Januari 1933 na likafunguliwa Mei 1937. Baina ya minara yake kuna mita 1,280, na hapana daraja la kuning'inia lililolipita kwa upana huo hadi 1964.

Siku zile wajenzi wa Marekani walikuwa na desturi ya kukadiria kifo cha mtu mmoja kwa kila dola milioni moja ya kazi, na kazi hii iligharimu dola milioni 35. Mhandisi mkuu, Joseph Strauss, hakuikubali hesabu hiyo. Aliamuru kila mtu avae kofia ngumu, na chini ya sakafu akatandaza wavu mkubwa wa kamba. Watu 19 walianguka wakadakwa na wavu ule, wakaenda nyumbani kwa watoto wao. Hata hivyo, tarehe 17 Februari 1937, miezi michache kabla ya kazi kwisha, jukwaa zito lilichomoka likaupasua wavu, na watu 10 wakafa. Mwingine mmoja alikuwa amekufa mwaka uliotangulia. Jumla ni 11. Kila mmoja wao ni hasara, lakini kamanda anayesoma habari hii ataona tofauti iliyopo baina ya mkuu anayehesabu vifo kama sehemu ya gharama na mkuu anayetandaza wavu.

Daraja hilo lilipotimiza miaka 50, mwaka 1987, watu wapatao laki tatu walisongamana juu yake kwa miguu, wengi kuliko walivyotazamiwa. Uzito wao ulizidi ule wa magari ya kila siku, hata mgongo wa daraja, ambao kwa kawaida umebinuka kidogo, ukanyooka. Chuma kilistahimili. Lakini walinzi wa usalama walijifunza kwamba watu wenye miguu, wakishonana, ni mzigo mzito kupita magari.

ONYO LILILOGEUZWA MCHEZO

Kila kurutu hufundishwa kwamba kikosi kikifika darajani huacha kwenda kwa hatua moja. Amri hiyo ina historia yake. Mwaka 1831, huko Broughton nchini Uingereza, askari 74 walivuka daraja la kuning'inia kwa hatua za pamoja. Daraja likaanza kurukaruka, nao wakafurahia na kukazana zaidi, mpaka likakatika. Hakufa mtu, lakini wengi waliumia, na jeshi la nchi ile likaamuru askari wavunje hatua wavukapo.

Miaka zaidi ya mia moja baadaye, katika jimbo la Washington, furaha ya namna ile ile ilirudi. Daraja la Tacoma Narrows lilifunguliwa tarehe 1 Julai 1940. Mmoja wa wabunifu wake, Leon Moisseiff, alikuwa bingwa aliyeshiriki pia katika ubunifu wa Golden Gate. Lakini safari hii daraja lilifanywa jembamba na jepesi mno, na ubavuni likawekewa mbao za chuma zisizo na matundu, mfano wa ukuta. Tangu siku za ujenzi lilikuwa likipanda na kushuka upepo ukivuma. Wajenzi walilitania kwa jina la mwanamke arukaye kama farasi. Watu walitoka mbali, wakalipa ada ya kuvuka, ili waonje utamu wa kupanda na kushuka. Kwa miezi minne daraja lilikuwa likitoa onyo, na wananchi wakalipia kiingilio kulitazama.

Tarehe 7 Novemba 1940, upepo wa kiasi cha kilometa 64 kwa saa, ambao si tufani, ulilifanya lianze kujipinda, upande huu ukiinuka na ule ukishuka. Kila lilipojipinda, upepo ulipata pa kulishika upya na kulisukuma zaidi. Hapakuwa na askari waliokanyaga kwa hatua moja. Mwendo wa daraja lenyewe ndio ulioukaribisha upepo. Dereva mmoja aliacha gari lake akatambaa hadi nchi kavu. Mbwa wake, aliyebaki garini, ndiye pekee aliyekufa sakafu ilipotumbukia majini.

Wahandisi hawakulisahau. Huko Michigan, Daraja la Mackinac, lililofunguliwa Novemba 1957 na lenye urefu wa kilometa 8 hivi kutoka mwisho hadi mwisho, lilibuniwa na David Steinman ili upepo upite bila kizuizi. Mbavu zake ni fito za chuma zenye nafasi, na sehemu ya kati ya barabara ni chekeche la chuma ambalo ukitazama chini unaona maji. Tena, upepo ukizidi, wasimamizi huzuia magari marefu, na ukizidi zaidi hulifunga daraja lote. Hawangojei lianze kucheza.

MILIMETA MBILI NA NUSU

Jioni ya tarehe 15 Desemba 1967, wakati watu wakitoka madukani kununua vitu vya Krismasi, daraja lililounganisha Point Pleasant katika West Virginia na jimbo la Ohio lilianguka katika Mto Ohio kwa muda usiozidi dakika moja. Liliitwa Silver Bridge kwa ajili ya rangi yake ya fedha. Walikufa watu 46.

Daraja hilo la mwaka 1928 halikuning'inizwa kwa kamba za nyaya bali kwa minyororo ya fito zenye matundu mwishoni, fito mbili mbili tu katika kila kiungo. Wachunguzi walikusanya vyuma kutoka mtoni, wakavipanga nchi kavu kipande kwa kipande, wakaipata fito iliyokatika kwanza. Ndani ya tundu lake palikuwa na ufa wenye kina cha milimeta mbili na nusu hivi. Mahali penyewe palikuwa pamefichika ndani ya kiungo, hata mkaguzi asingeweza kupaona bila kukifungua. Na kwa kuwa fito zilikuwa mbili tu, moja ilipokatika ya pili haikuweza kuubeba mzigo wa mwenzake. Zaidi ya hayo, daraja lilijengwa kwa magari mepesi ya zamani. Magari yaliongezeka uzito, daraja likabaki lile lile.

Baada ya msiba huo bunge la Marekani lilitunga sheria mwaka 1968, na kanuni zikatoka za kukagua madaraja ya barabara kuu kila baada ya miaka miwili. Kabla ya hapo hapakuwa na utaratibu mmoja kwa nchi nzima. Lakini ukaguzi nao si dawa ya kila kitu. Tarehe 1 Agosti 2007, mjini Minneapolis katika Minnesota, daraja la barabara kuu lililokuwa likikaguliwa kila mwaka lilianguka juu ya Mto Mississippi, wakafa watu 13. Iligunduliwa kwamba mabamba yaliyounganisha fito zake yalifanywa membamba mno tangu ramani za miaka ya 1960, na siku ile vifaa na mchanga wa ujenzi vilikuwa vimerundikwa juu ya sehemu ile dhaifu. Wakaguzi walitafuta kutu na nyufa. Hakuna aliyeuliza kama daraja lilichorwa sawasawa, wala kama lingeweza kubeba lundo lile.

DARAJA MOJA, AMRI MBILI

Daraja nitakalolitaja sasa si refu wala si la ajabu kwa uhandisi. Ni Daraja la Edmund Pettus, mjini Selma katika Alabama, lililojengwa mwaka 1940 na kupewa jina la jenerali wa jeshi la majimbo yaliyopigania utumwa. Nalitaja kwa sababu lilipata umaarufu kwa matendo ya watu wenye sare.

Tarehe 7 Machi 1965 wananchi weusi wapatao 600, wasio na silaha, walivuka daraja hilo kwa miguu wakielekea Montgomery, mji mkuu wa jimbo, kudai haki ya kupiga kura. Ng'ambo walikuta polisi wa jimbo na wasaidizi wa mkuu wa polisi wa wilaya, wengine wakiwa juu ya farasi. Ofisa aliwapa dakika mbili watawanyike. Hazikwisha. Walishambuliwa kwa virungu na gesi ya machozi, na kijana aliyewaongoza, John Lewis, alivunjwa fuvu la kichwa. Usiku ule ule picha zilionyeshwa katika televisheni nchini kote.

Wiki mbili baadaye, tarehe 21 Machi, waandamanaji walivuka tena daraja lile lile, wakiongozwa na Dakta Martin Luther King. Safari hii walikuwapo pia askari, lakini kwa amri nyingine. Rais Johnson alikuwa amewaweka Walinzi wa Taifa wa Alabama chini ya serikali kuu, akaongeza na wanajeshi, wawalinde waandamanaji njia nzima ya kilometa 87 hivi. Tarehe 25 Machi walifika Montgomery salama, umati ukafika watu 25,000. Mwezi Agosti mwaka ule sheria ya haki ya kupiga kura ilitiwa sahihi.

Tofauti ilikuwa katika swali moja: askari yule amewekwa pale amlinde nani? John Lewis aliishi akawa mbunge kwa zaidi ya miaka 30. Alipofariki mwaka 2020, jeneza lake lilivushwa daraja lile kwa gari la farasi, na ng'ambo ya pili, mahali alipopigwa, polisi wa jimbo la Alabama walisimama wima wakampigia saluti.

USIKU WA BALTIMORE

Mwisho tufike Baltimore, katika jimbo la Maryland. Daraja la Francis Scott Key lilifunguliwa mwaka 1977, mbele ya bandari. Usiku wa tarehe 26 Machi 2024, baada ya saa saba, meli ya makontena iitwayo Dali, yenye urefu wa mita 300 hivi, ilipotewa na umeme ikielekea baharini. Rubani wa meli aliomba msaada na kutoa habari kwamba hawezi kuielekeza. Habari ikawafikia polisi wa daraja kwa redio: zuieni magari. Walizuia pande zote mbili. Muda mfupi sana baadaye meli iligonga nguzo, na sehemu kuu ya daraja ikaporomoka kwa sekunde chache.

Polisi wale hawakuuliza sababu, wala hawakungoja amri ya maandishi. Kwa sababu hiyo madereva ambao hawatajua kamwe walivyokuwa karibu na kifo walifika makwao. Lakini juu ya daraja palikuwa na watu wa kuziba mashimo ya barabara, nao habari haikuwafikia kwa wakati. Polisi mmoja alikuwa akingoja mwenzake ashike nafasi yake ili aende kuwaonya. Daraja likaanguka kabla. Mafundi 6 walikufa, wote wahamiaji waliokuja kutafuta riziki. Yaani zamu ile ile iliokoa wengi na kukosa wachache, na tofauti ilikuwa dakika, na kujua nani yuko wapi.

Onyo la nguzo lilikuwa la zamani. Mwaka 1980, huko Florida, meli iligonga nguzo ya Daraja la Sunshine Skyway na watu 35 wakafa. Mwaka huo huo meli ndogo iligonga Daraja la Key lenyewe bila kuliangusha. Miaka ikapita, meli zikakua, kinga ya nguzo ikabaki ndogo. Na umeme wa meli Dali ulikatika kwa nini? Wachunguzi wa serikali walieleza mwaka 2025 kwamba waya mmoja haukuingia sawasawa mahali pake, kwa kuwa kijilebo kilichovishwa waya huo kiliuzuia usifike mwisho. Kijilebo kimoja, katika meli yenye nyaya maelfu.

Ndugu zangu askari na polisi, huenda wengi wetu hatutayaona madaraja haya. Lakini kila mmoja ana lindo lake: ghala, kituo, lango, kizuizi cha barabara, daraja la kijijini. Anayelinda hapo na ajue nguzo zake ni ngapi. Aandike ufa anaouona, hata ukiwa wa milimeta. Asidharau kitetemeshi kwa sababu kimezoeleka. Aulize mzigo umekaguliwa wapi na umepita mikononi mwa nani. Na kabla ya yote ajue watu anaowalinda ni akina nani, na wako wapi.

Asubuhi ile, kabla ya kupanda lori, nilimwomba mkufunzi ruhusa nikashuka hadi kando ya mto. Nguzo zilikuwa sita. Ya nne, upande wa juu, ilikuwa imeanza kuliwa. Nilirudi nikamwambia. Alitoa daftari lake, akalifungua, akanionyesha: alikuwa ameiandika tangu jioni.